Trekta Liende kwa Bonde, Lisiende kwa Jina

Kila pepo za kaskazi zinapotulia na mawingu ya masika yanapoanza kujikusanya, swali moja huzuka katika mabonde yetu ya mpunga, Unguja na Pemba: trekta litakuja lini? Si swali la mvivu. Mkulima wa Cheju au wa Kibokwa, ambaye aghalabu ni mama mwenye nusu ekari na watoto wa kuwalisha, amekwisha lipa, risiti ameifunga katika pindo la kanga, mbegu amezihifadhi, na macho yake sasa yako barabarani. Likifika kwa wakati, atavuna. Likifika wiki tatu baadaye, maji yatakuwa yamekwisha jaa bondeni, na fedha aliyolipa itakuwa imenunua matope.

Mjadala wa jambo hili kila mwaka huenda njia moja. Wakulima hulalamika, viongozi hujibu kuwa matrekta hayatoshi, ahadi hutolewa kwamba mengine yatanunuliwa, mvua hupita, na mjadala hulala mpaka masika mengine. Hatukatai kwamba matrekta ni machache. Nchi ambayo sehemu kubwa ya mchele wake huletwa kwa meli haiwezi kusema ina zana za kutosha. Walakini safu hii inasema kwamba uchache si ugonjwa wa kwanza. Ugonjwa wa kwanza ni namna tunavyoyagawa hayo machache tuliyo nayo: nani apelekewe lini, kwa mpango gani, na nani mwenye mamlaka ya kuuvunja mpango huo. Maadamu hili halijatibiwa, matrekta mapya yataingia katika foleni ileile na kupotea humohumo.

Historia ya nchi yetu inayo shahidi mkubwa wa maneno haya. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, Tanganyika Bara. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya vita, mengine yametolewa mbali hata Philippines. Kabla mwaka wenyewe haujamalizika, thuluthi mbili ya mashine hizo zilikuwa hazifanyi kazi. Karakana haikuwa tayari, vipuri havikuwapo, madereva walikuwa hawajafunzwa vya kutosha, na mpango wa kazi ulikuwa umeandikwa London na watu wasioujua udongo wa Kongwa. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000, na zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 mradi ukafutwa, na mamilioni ya pauni yakazikwa katika vumbi. Haikuwa uchache wa matrekta uliowaangusha wale mabwana.

Sasa turejee mabondeni. Mkulima wa Kizanzibari anaujua udongo wake kwa majina, naye hakuyajua majina hayo kwa mabwana shamba bali aliyarithi: kichanga, kinongo, utasi, kinamo. Mabonde ya mpunga kwa kiasi kikubwa ni kinamo, na kinamo ni udongo wenye tabia ya mwenye kiburi. Ukiwa mkavu ni jiwe. Sahani za plau huukwaruza juu juu na kuinuka. Ukishiba maji ni shimo. Trekta huzama mpaka kwenye ekseli, likahitaji trekta la pili kulivuta, na siku ile mmepoteza mawili badala ya moja. Baina ya ujiwe na utope ule upo muda mfupi, wiki chache tu baada ya mvua za mwanzo, ambapo kinamo hulimika. Ardhi ya kichanga haina masharti hayo. Maji hupita upesi, na hata katikati ya masika trekta huweza kuingia na kutoka.

Basi ni dhahiri kwamba siku moja ya trekta katika bonde la kinamo, mwanzoni mwa mvua, haina thamani sawa na siku hiyohiyo katika shamba la kichanga. Ya kwanza ikipotea hairudi mpaka mwaka mwingine. Ya pili yaweza kuahirishwa. Mpango wowote wa ugawaji usioanzia hapa umeanza kwa kosa, hata ukiandikwa kwa wino mzuri namna gani.

Ama utaratibu uliozoeleka na wengi ni wa jina na risiti. Mkulima hulipa ada, ambayo Serikali kwa miaka mingi imeipunguza kwa ruzuku, jina lake huandikwa, naye husubiri. Aliyelipa mwanzo atangulie, aliyelipa mwisho angoje. Kwa sura ya nje ni haki tupu, na ndiyo maana ni vigumu kuukosoa bila ya kuonekana mdhalimu. Lakini hebu tuutie katika mizani.

Trekta la nguvu za farasi sabini hivi, lenye plau ya sahani tatu, katika udongo wenye unyevu wa kiasi na dereva anayeijua kazi yake, huchimba ekari moja kwa muda wa saa moja na robo takriban. Likifanya kazi saa nane kwa siku bila ya kutoka bondeni, litachimba ekari sita na kitu. Sasa tulifuate trekta lilelile likienda kwa majina. Risiti ya kwanza iko bonde hili, ya pili iko bonde la upande wa pili wa wilaya, ya tatu inarudi jirani na ya kwanza. Barabarani trekta huenda mwendo wa kilomita ishirini na kitu kwa saa, na likiwa na plau nyuma halipiti kila njia. Likihama mara mbili kwa siku, pamoja na kumtafuta mwenye shamba aje aoneshe mpaka wake, saa mbili na nusu zimekwenda. Zimebaki saa tano na nusu, nazo ni ekari nne na nusu au pungufu. Tumepoteza ekari mbili kwa siku moja.

Mtu atasema ekari mbili si kitu. Zizidishe kwa siku thelathini za msimu, zitakuwa ekari sitini. Zizidishe kwa matrekta kumi, zitakuwa mia sita. Na kwa kuwa trekta moja lisilotangatanga lingechimba chini kidogo ya ekari mia mbili katika siku hizo thelathini, maana yake ni kwamba katika kila matrekta kumi tumeyapoteza matatu, na yote kumi ni mazima, yanaunguruma, yanakunywa dizeli, yanaonekana barabarani mchana kutwa. Hasara ya namna hii haiandikwi katika daftari lolote, kwa sababu hakuna kilichovunjika.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba trekta ligawiwe kwa bonde, lisigawiwe kwa jina. Wakulima wa bonde moja wahesabiwe pamoja, ekari zao zijumlishwe, bonde lipewe siku zake mfululizo, na trekta likishaingia lisitoke mpaka kipande cha mwisho kimalizike. Bonde lenye kinamo na linalowahi kujaa maji litangulie. Bonde lenye mfereji wa umwagiliaji, kama vile Mtwango au Weni, ambalo lina njia ya kuyaongoza maji yake, laweza kungoja nyuma ya lile linalotegemea mvua peke yake. Mashamba ya juu, ya kichanga, yafuate baadaye, nayo pia kwa mkusanyiko wa shehia, si kwa mtu mmoja mmoja.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, tena si dogo. Yupo aliyelipa Januari, na shamba lake liko katika bonde litakalofikiwa mwishoni. Yupo aliyelipa Machi, na kwa bahati ya mahali atalimiwa mwanzo. Yule wa Januari atasema amedhulumiwa. Jawabu letu ni kwamba risiti inathibitisha haki ya kulimiwa kwa wakati unaofaa, nao wakati unaofaa huamuliwa na maji na udongo. Mtu aliyelipa mapema na akalimiwa siku ambayo shamba lake bado linalimika hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule wa kinamo aliyewekwa nyuma kwa kuwa fedha yake, aliyoipata kwa kuuza kuku na mihogo, ilichelewa wiki mbili. Tukifuata tarehe za risiti peke yake, tutakuwa tumeigawa zamu ya trekta kwa kipimo cha nani alikuwa na fedha mkononi mwanzo wa mwaka. Huo si usawa tuliofundishwa, wala si shabaha ya ruzuku inayolipwa kwa fedha ya wananchi wote.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Mkulima ambaye kipande chake kiko peke yake, mbali na bonde lolote, ataambulia nini? Hapa hatuna jawabu la kumfurahisha. Mpango wa mabonde utamweka nyuma, na ni afadhali aambiwe hivyo mapema, apewe siku yake ya mwisho wa msimu kwa maandishi, au asaidiwe kwa zana ndogo, zile pawatila zinazoendeshwa kwa kushikwa mikono, ambazo kwa kipande cha robo ekari zinafaa kuliko trekta kubwa linaloshindwa hata kugeuka. Kumwahidi trekta katika wiki ya kwanza, hali tunajua halitafika, ni ukatili uliovishwa kanzu ya huruma.

Hapana budi sasa tuliseme lile ambalo wengi hulisema pembeni. Mpango mzuri kuliko yote huvunjwa na kijikaratasi kimoja. Trekta liko bondeni, limebakiza ekari tano, kinakuja kijikaratasi au, siku hizi, inapigwa simu: dereva aambiwe apite kwanza katika shamba la mheshimiwa fulani, ni ekari mbili tu, atarudi. Harudi siku ile. Akirudi siku ya pili, mvua imekwisha nyesha. Wakulima watano wamekosa, na mheshimiwa hajui hata kwamba amewakosesha, kwa sababu yeye alichokiona ni trekta kufika na kuondoka. Sisi tulio katika Chama, ambao kila siku twasema kwamba uongozi ni dhamana, tusijifanye hatuyajui haya. Kiongozi anayetaka kulima na alime. Ni jambo jema, tena la kuigwa. Lakini zamu yake iwe zamu ya bonde lake, pamoja na majirani zake.

Tulipokuwa watoto chuoni tulisomeshwa habari ya ngamia wa Nabii Swaleh, ambaye maji yaligawiwa baina yake na watu, siku yake na siku yao, na kila mmoja akaijua zamu yake. Waliomchinja ngamia yule walianza kwa kuchukia zamu. Na chuoni hapohapo mtoto wa mwenye mashua na mtoto wa mchukuzi walikaa jamvi moja, kila mmoja akiingoja zamu yake ya kusoma mbele ya mwalimu, na hatukusikia mzazi aliyeleta kijikaratasi. Inastaajabisha kwamba watu waliolelewa katika adabu hiyo hushindwa kuisimamia mbele ya plau.

Kuna upande mwingine wa mpango ambao hauonekani bondeni, nao ni karakana. Katika matrekta mengi mafuta ya injini hubadilishwa kila baada ya saa 250 za kazi, na kila trekta lina mita yake inayozihesabu saa hizo. Fanya hesabu: siku thelathini kwa saa nane ni saa 240. Maana yake, trekta lililohudumiwa kikamilifu kabla ya mvua laweza kuumaliza msimu karibu wote bila ya kurudi karakana kwa matengenezo ya kawaida. Na trekta lililoingia msimu likiwa limebakiza saa mia moja litasimama katikati, siku ambayo anahitajiwa kila mwenye mikono. Kwa hiyo zamu ya matrekta haianzi Machi. Inaanza Novemba, karakana inapoandika kila trekta limebakiza saa ngapi, lipi linahitaji sahani mpya, lipi tairi, lipi pampu, na vipuri vinapoagizwa mapema, maana vipuri vingi huvuka bahari kabla ya kutufikia. Fundi anayeyafungua matrekta mwezi wa Januari anastahili kupongezwa hadharani kama dereva anayeonekana Aprili akiwa juu ya kiti, ingawa yeye hapigwi picha.

Jambo linalofuata litawashangaza baadhi ya wasomaji. Katika kila matrekta kumi, tunapendekeza moja lisipangiwe bonde lolote. Likae, likiwa zima, lenye mafuta, na dereva wake yuko tayari. Tunajua litaleta kelele. Mwananchi atapita, ataliona limeegeshwa, na atauliza kwa haki kabisa: mbona hili limelala na mimi shamba langu halijalimwa? Lakini matrekta tisa yaliyo kazini hayatakosa siku ambayo moja litakatika. Kama yote kumi yamepangwa, basi siku hiyo bonde zima linaanguka nje ya ratiba, na kulirudisha ni lazima uling'oe trekta bonde jingine, na huko nako ratiba inaanguka, mpaka kufikia mwisho wa wiki hakuna anayejua zamu ni ya nani, na hapo ndipo vijikaratasi hupata nguvu. Trekta la akiba, siku likiitwa, hulinda ahadi za mengine tisa. Hospitali haipangi vitanda vyote kwa wagonjwa wa kujiandikisha. Huacha nafasi kwa wa dharura, na hakuna anayeuita uzembe.

Vilevile iwekwe kanuni ya wazi kuhusu siku iliyoharibika. Bonde ambalo trekta lake lilikatika lisirudishwe mkiani mwa foleni kana kwamba kosa ni la wakulima. Lishike nafasi ya kwanza pale trekta la akiba litakapofika. Kanuni hii ni ndogo, lakini manung'uniko mengi tunayoyasikia hayatokani na kuharibika kwa trekta, maana mkulima anaelewa kwamba chuma huchoka. Yanatokana na kutojua kitakachofuata baada ya hapo.

Tena kazi ya shamba la mpunga si moja. Kuna kuchimba na kuna kuburuga, na baina ya mbili hizo shamba huachwa kwa siku kadhaa majani yafe na madonge yalainike. Mara nyingi ari ya mwanzo wa msimu huyapeleka matrekta yote kuchimba, ili taarifa isome kwamba ekari nyingi zimechimbwa, na wale waliochimbiwa mwanzo hubaki wakingoja kuburugiwa mpaka majani yaote upya. Shamba lililochimbwa bila ya kuburugwa halipandiki. Ni kazi nusu iliyolipiwa nzima. Kuburuga huenda haraka kuliko kuchimba, takriban mara mbili. Basi kila matrekta mawili yanayochimba yafuatwe na moja linaloburuga, nyuma yao, bonde kwa bonde, kwa tarehe iliyoandikwa pamoja na ile ya kuchimba. Na katika taarifa ekari isihesabiwe mpaka iwe imekamilika kazi zote mbili.

Neno hili la kuhesabu lina mafunzo yake katika nchi za mbali. Muungano wa Kisovieti ulianzisha vituo vya mashine na matrekta mwaka 1928, kwanza karibu na Odessa na kisha nchi nzima, ambavyo vililima mashamba ya ushirika kwa malipo. Vilikuwa na mipango, vilikuwa na ratiba, vilikuwa na wakaguzi. Lakini kazi ya kituo ilipimwa kwa hekta zilizolimwa, na kwa kuwa plau inayopita juu juu humaliza hekta nyingi na kutumia mafuta kidogo kuliko plau inayozama, ulimaji wa juu juu ukawa lawama ya kudumu. Kituo kilitimiza shabaha na shamba likakosa mavuno. Mwaka 1958 vituo hivyo vilivunjwa na mashine zikauzwa kwa mashamba ya ushirika yenyewe. Hatulisemi hili kwa kuwacheka wengine. Tunalisema kwa kuwa dereva wetu naye, akilipwa posho kwa idadi ya ekari tu, atakuwa na sababu ileile ya kuiinua plau. Kamati ya bonde ipewe haki ya kukipima kina cha mtaro kwa kijiti kabla ya kutia sahihi. Kijiti hakigharimu kitu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya sasa huendeshwa kwa simu na mitambo. Ni kweli, na tusiwe nyuma. Huko Nijeria kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzishwa mwaka 2014, hukifunga kifaa katika trekta ili mwenyewe aone liko wapi na linafanya kazi muda gani, na wakulima huagiza huduma kwa njia ya simu. Lakini yafaa tuangalie ndani ya mpango wao, tusivutiwe na kifaa peke yake. Mkulima mdogo haagizi trekta akiwa peke yake. Wako mawakala vijijini wanaokusanya maombi ya majirani mpaka ekari zitoshe kuifanya safari ya trekta iwe na maana. Hata huko, basi, kifaa kilikuja kusaidia mpango wa mkusanyiko, hakikuuzaa. Sisi tunao masheha, tunazo kamati za mabonde, tunao mabwana na mabibi shamba. Wakala wetu yuko tayari na hahitaji kununuliwa. Kifaa kikija, kitamwonesha mkuu wa karakana trekta lililotoka bondeni saa nne asubuhi bila ya idhini, na hapo tunadhani baadhi ya vijikaratasi vitakauka wino.

Tusiwasahau madereva. Dereva analala bondeni au katika kibanda cha jirani, anakula anachopewa, na mwisho wa siku analaumiwa yeye kwa kila jambo. Mpango wa bonde unampa makazi ya siku kadhaa mahali pamoja, na kamati ya bonde yaweza kumwandalia malazi na chakula kwa utaratibu unaojulikana, badala ya kila mwenye shamba kumtilia kitu mkononi ili plau ipite kwake mwanzo. Mwaka 2024 na mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani uliangukia Machi, wakati hasa wa mvua za mwanzo. Dereva aliyefunga hawezi kutakiwa kukaa juu ya injini kuanzia asubuhi mpaka jua la alasiri. Kwa mwezi kama huo ratiba ipangwe kwa zamu mbili za madereva, mmoja kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka saa tano asubuhi, na wa pili kuanzia saa tisa alasiri mpaka karibu na magharibi, na trekta lenyewe, ambalo halikuandikiwa saumu, liongezewe taa kwa ajili ya usiku pale bonde linaporuhusu. Kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo itakwenda ikiachana na masika. Lakini vuli nayo ina kilimo chake, na siku itafika ambapo itakutana nayo.

Hayo yote yanaweza kuanza bila ya kuongezwa trekta hata moja. Kinachohitajiwa ni ubao. Ifikapo katikati ya Februari, katika kila ofisi ya sheha na katika kila bonde, ubandikwe mpango wenye jina la bonde, jumla ya ekari, nambari ya trekta, tarehe ya kuchimba na tarehe ya kuburuga, na kando ya kila tarehe iachwe nafasi tupu. Siku trekta litakapofika kweli, katibu wa kamati ya bonde aijaze nafasi ile kwa mkono wake, mbele ya wakulima waliopo, na kama limeondoka kabla ya kumaliza aandike saa liliyoondoka na liliitwa na nani. Baada ya mavuno ubao usitupwe. Upelekwe katika mkutano wa shehia, diwani awepo, mbunge na mwakilishi waalikwe, mkuu wa karakana awepo, na mistari ile isomwe kwa sauti, tarehe iliyopangwa na tarehe iliyotokea, bonde baada ya bonde.